Mkaa Kwenye Ukuta wa Jiko

Kwaru, kwaru, kwaru. Benadeta aliusikia mkwaruzo akiwa migombani. Akatupa panga, akaja mbio.

"Tena? Baba Deodatha, tena?"

Novatus, mumewe, alikuwa amechuchumaa uani na kipande cha mkaa mkononi. Ukuta wa jiko ulikuwa umejaa mistari myeusi.

"Jioni jumuiya inasali hapa! Nimeusiliba ukuta kwa samadi, nimekata nyasi mpya za kutandaza sakafuni. Na wewe, mwanamume mwenye ndevu, unachora kama mtoto wa chekechea!"

Novatus aliendelea kuchora. Alikuwa dereva wa bodaboda. Tangu ajali ya barabara ya Murongo, iliyomuua abiria wake, hakusema na mtu. Pikipiki ikinguruma, alijificha. Rafiki zake walimwambia anywe rubisi, pombe ya ndizi, asahau. Alikunywa. Hakusahau. Benadeta alikuwa amechoka. Nguo zake alikwisha kuzifunga, arudi kwao Rugera.

Akachota samadi, akapaka juu ya mkaa. Novatus akaukinga mchoro kwa viganja.

"Acha, mama!" Alikuwa jirani yao Xaveria, afisa ustawi wa jamii, aliyekuja kusaidia kutandaza nyasi.

"Niache nini? Anachafua!"

"Anasema. Wewe unamziba mdomo."

"Huo ndio mdomo? Mbona una masizi?"

Xaveria alicheka kidogo. "Mtu aliyeona jambo la kutisha hubaki nalo moyoni. Wakati mwingine maneno humkataa, lakini mkono hupata njia. Usimcheke. Usimuulize kila mstari ni nini. Haya si mashindano ya kuchora."

"Basi nisubiri mpaka lini? Nimesubiri hadi nimeota mvi!"

"Usisubiri peke yako. Jumatano mlete kituo cha afya. Yuko mshauri aliyesomea kazi hii, na rangi zipo. Daktari naye atamwona, maana usiku halali. Na hiyo rubisi aiache. Inamwongezea tu."

Jioni watu walisali mbele ya ukuta mchafu. Bibi mmoja alinong'ona. Benadeta alimkazia macho mpaka akarudi kwenye rozari yake.

Siku ya kwanza kituoni, Novatus alivunja penseli, akatoka nje. Benadeta alimgombeza njia nzima. Jumatano iliyofuata akamrudisha.

Wiki zikapita. Novatus akachora barabara. Akachora lori. Siku moja akamchora abiria, mama mwenye kitenge cha njano, akalia kwa sauti. Ndipo akasimulia. Lori lilihama upande wake, likamjia. Hakuwa na pa kukwepea.

Siku hizi analala. Pikipiki bado humshtua, lakini hajifichi.

Jana, wakimenya ndizi, Benadeta alimwuliza, "Na ukinyamaza tena? Maana subira yangu imebaki ya kulamba kidole!"

Novatus akaweka kisu chini.

"Mama Deodatha, nikishindwa kusema, nitachora. Nikishindwa kuchora, nitakushika mkono twende kituoni. Lakini kukunyamazia, sitakunyamazia tena."