Kumsindikiza Mgeni Hadi Isanja

Ugali wa Gaspari ulianza kuliwa upande wa pili.

Mwanzoni alisingizia panya. Lakini panya hakati tonge, wala habonyezi kwa kidole gumba, wala halichovyi kwenye mboga ya mlenda. Jioni ile kulikuwa na uzi wa mlenda uliotoka kwenye bakuli ukavuka mkeka hadi pale alipozoea kukaa marehemu mkewe, Marietha. Chumba kilinuka udongo uliolowa mvua, na ilikuwa kiangazi, vumbi limetanda Kinyangiri nzima.

Kosa lilikuwa lake, tena kosa la adabu. Tangu Marietha azikwe, Gaspari alikula peke yake, na mtu aliyelelewa vizuri hatii tonge kinywani kabla ya kukaribisha. Yeye hakuwa na wa kumkaribisha. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kijijini, chini kabisa ya mlima Isanja, na mbele ya mlango wake hapakupita mtu. Basi kila jioni alinawa, akautazama mlango uliokuwa wazi, akasema, "Karibu." Maskini, alikuwa anausemesha upweke wake tu. Lakini ukiita kila siku, yuko atakayeitika.

Na tuseme ukweli, hakuogopa inavyopasa. Siku za kwanza alilala na Biblia kifuani. Baadaye akaanza kusonga ugali mkubwa zaidi. Akawa anasimulia habari za alizeti zake na goti lake bovu, na upande wa pili wa mkeka mtu akawa analamba vidole taratibu, kimoja baada ya kingine. Mgane ana nini cha kuchagua?

Ndipo Dina, mwanawe wa pekee, alipokuja kutoka Singida mjini kumwonyesha mjukuu. Alimlaza mtoto mkekani akaenda kuchochea moto. Aliporudi, mtoto alikuwa anacheka, anatazama mahali pasipo na mtu, na kanga aliyofunikwa ilikuwa inainuka polepole kutoka ubavuni, kana kwamba mtu anajiandaa kumpakata. Dina alimnyakua akatoka mbio hadi barabarani. Gaspari alimfuata na mkoba wake, aibu imemjaa.

"Baba," Dina akasema kwa sauti ya chini, macho yakiwa mlangoni, "mimi na mwanangu haturudi nyumba hii mpaka huyo unayekula naye aondoke."

Akaondoka siku hiyohiyo, hata chai hakunywa.

Gaspari alikwenda kwa Bibi Sikudhani, mganga, akamkuta uani anachambua vitunguu. Akamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Kaa palepale. Hukuja peke yako."

Bibi yule hakuacha vitunguu vyake. Alimweleza kwamba jini aliyevamia hufukuzwa kwa moshi na kisomo, ila aliyekaribishwa ni mgeni, na mgeni hafukuzwi, husindikizwa. Huyu ni wa Isanja, arudishwe Isanja. Apande naye kwa korongo la mashariki, watembee juu kwa juu mgongoni mwa mlima hadi jiwe kubwa, amwachie chakula, kisha ateremke upande wa magharibi, kwa sababu njia mliyokuja wote mgeni anaijua. Na jua lisimzamie mlimani.

"Akiachwa atakushukuru," akasema, na hapo mikono yake ikasimama. "Usimjibu. Ukimwambia karibu tena, mimi usinitafute."

Mzee mwenye goti bovu akaanza kupanga safari ambayo vijana wenyewe huikwepa. Alimwendea Calist, mrina asali aliyeijua Isanja vizuri. Calist alikuja naye, akamchorea mlima kwa kijiti kwenye ua wa Gaspari uliofagiliwa: hapa anza alfajiri kabla ya joto, hapa shika mizizi, huku juu maji hakuna hata tone, na huku magharibi mawe yanateleza, shuka kwa makalio kama mtoto. Akamuuliza anakwenda na nani. Gaspari akajibu kwamba anakwenda mwenyewe.

Kesho yake alfajiri, kando ya mstari wa Calist kulikuwa na mstari wa pili. Ulipanda na wa kwanza hadi kwenye jiwe, ukateremka nao magharibi. Gaspari aliufuta kwa mguu, akafunga ugali na viazi vitamu kwenye kitambaa, akabeba galoni ya maji, akasema mlangoni, "Twende, nikusindikize."

Harufu ya mvua ikatoka ndani ikamfuata. Korongoni alisikia vikokoto vikiporomoka nyuma yake kila alipopiga hatua, na alipopumzika navyo vikapumzika, na alipofika juu mgongoni, ambako njia ni nyembamba na kushoto ni shimo na kulia ni shimo na upepo unamsukuma mtu bila kumwomba radhi, alihisi mkono wenye baridi ukimshika kiwiko, si kumsukuma bali kumtegemeza, na goti lake likaacha kuuma, na wakaenda hivyo hadi jua likawa utosini, yeye akilia kimyakimya kwa sababu hakuna aliyemshika kiwiko tangu Marietha afe.

Kwenye jiwe kubwa akafungua kitambaa, akaweka chakula. Akageuka kuelekea magharibi.

"Asante kwa chakula," sauti ikasema nyuma yake. Ilikuwa sauti ya kawaida, ya mtu aliyeshiba. "Tulikaa vizuri."

Gaspari aliuma ulimi hadi akaonja damu. Hakujibu. Aliteremka kwa makalio, mikono inachubuka, na nyuma yake hakikuporomoka hata kikokoto kimoja.

Jua likiwa linazama alikuwa kwake. Alimpigia Dina, akamwambia mgeni ameondoka, nyumba ni safi, waje. Dina alilia kwa furaha, akamshukuru Mungu. Halafu akashusha sauti.

"Ila baba yake mtoto hataki hata kusikia, Baba. Krismasi tutaona. Au mwakani."

"Haya, mwanangu. Msalimie."

Alisonga ugali, akapika mlenda, akanawa. Alikula bila kukaribisha mtu. Upande wa pili ugali ulibaki mzima, mviringo, umepoa, na hakuna kilichonuka isipokuwa moshi wa kuni. Aliutazama muda mrefu. Goti lilikuwa limerudia kuuma.

Akainuka akaenda mlangoni. Isanja ilikuwa imesimama nyeusi mbele yake. Kuna mtu alikuwa amemshukuru kule juu, naye hakumjibu, na mama yake hakumlea hivyo.

"Karibu tena," akasema.

Akarudi kukaa. Akasogeza jagi la maji ya kunawa hadi upande wa pili wa mkeka, akaanza kusimulia jinsi mawe ya magharibi yanavyoteleza. Hakufika mbali, jagi likainama.