Mwiritsa wa Kuka Lazarus

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mitchel alifagia uwanja, akamfunga ng'ombe penye nyasi, kisha akampelekea babu yake chai. Babu huyo, mzee Lazarus, kila mtu kijijini alimwita Kuka, yaani babu kwa Kiluhya. Kuka alinywa chai yake nje, kiti kikielekea mti mmoja mkubwa uliosimama pembeni mwa shamba, karibu kabisa na msitu wa Kakamega. Mti huo ulikuwa mwiritsa.

Ganda la mwiritsa ni jeusi na lina nyufa, na wazee wenye shida ya kukojoa hulichemsha na kulinywa kama dawa. Zamani miti hiyo ilikuwa tele msituni. Kisha wakaja watu wenye magunia, wakaibambua pande zote, wakaenda kuuza ganda mbali. Miti ikafa ikiwa imesimama. Pale kijijini, mwiritsa mkubwa wa kuzaa uliobaki ulikuwa huo wa Kuka peke yake, na kima na ndege wote wa upande ule waliufuata kwa matunda yake.

Kuka hakumnyima mtu dawa, lakini alikuwa na sheria. Alikata kipande chembamba upande jua linakochomoza, akapaka matope na samadi mbichi kwenye kidonda. Mgonjwa mwingine akija, alikata upande jua linakotua. Baada ya hapo hakuna kukata tena mpaka vidonda vipone.

"Ukimvua mtu nguo zote kwenye baridi, utamkuta hai asubuhi?" aliuliza kila mara. Mitchel alikuwa ameyasikia maneno hayo mpaka akaacha kuyasikia. Watoto ndivyo walivyo, na hata sisi wakubwa.

Mwaka huo, wakati wa mvua, Kuka mwenyewe akaugua. Alikwenda chooni mara kwa mara na kurudi uso umekunjamana.

"Baba, twende hospitali," Jescah, mama yake Mitchel, alimwambia.

"Hospitali ya nini na dawa yangu iko pale?" Kuka alijibu. Alikata kipande cha mashariki, akanywa. Akakata cha magharibi, akanywa. Maumivu yakazidi. Jescah alipomwambia akate tena, alikataa kabisa. "Vidonda havijapona. Nitangoja."

Jumamosi moja Jescah alikwenda kulima palizi kwenye shamba la miwa la jirani. Mitchel akabaki na Kuka. Siku hiyo mzee alishindwa kukojoa kabisa. Tumbo lake lilivimba, akalia kwa sauti. Mitchel hakuwahi kumsikia Kuka akilia. Badala ya kukimbia kumwita mama, alijiambia kwamba dawa kidogo imeshindwa, basi dawa nyingi itaweza. Akachukua panga.

Woi, mtoto yule! Alibambua mti kuuzunguka wote, kuanzia magotini hadi mikono ilipofika. Alijaza sufuria kubwa, akachemsha mpaka maji yakawa meusi, akampelekea Kuka kikombe.

Kuka alionja, akakisukuma. "Mbona kali hivi? Umetoa wapi?"

"Kwenye mwiritsa, Kuka. Nimetoa ya kutosha, ili upone leo."

"Upande gani?"

Kuka alijikokota hadi mlangoni akaona shina jeupe, tupu. Hakumgombeza. Aliegemea mwimo wa mlango, akalia tena, na safari hii haikuwa kwa sababu ya tumbo.

Jescah alirudi, akapiga kelele majirani wakaja na gari, wakamkimbiza Kuka hospitalini mjini. Daktari alimtoa mkojo kwa mpira, akasema wangechelewa kidogo tu wangemzika. Kuka akalazwa angojee upasuaji.

Jumatatu Mitchel alimweleza Mwalimu Chebet, mwalimu wao wa kilimo, huku akilia. Jioni mwalimu alikuja kuutazama mti. Aligusa shina kwa vidole, polepole.

"Mitchel, chakula cha mti hutengenezwa na majani. Hushuka kwenye mizizi kikipitia ndani ya ganda. Wewe umefunga njia zote."

"Utakufa, Mwalimu?"

"Huenda. Lakini tazama hapa, utando mwembamba umebaki. Mwiritsa una nguvu, unaweza kuota ganda jipya tukiufunika. Lete matope na samadi."

Walipaka hadi giza likaanza kuingia, wakafunga shina kwa magunia. Usiku huo Mitchel alilala akiwa na tumaini kidogo.

Lakini habari zilikuwa zimeenea kwamba mti wa Lazarus unakufa. Kesho yake alasiri, Jescah akiwa hospitalini, mzee Isaiah wa boma la jirani alifika na panga. Nyuma yake walikuja wengine na mifuko, na mmoja alibeba ngazi.

Mitchel alisimama mbele ya mti. "Mzee Isaiah, tafadhali! Tumeufunika ili upone!"

"Si unakufa tu? Ndugu yangu ni mgonjwa. Sisi hii dawa tunaitumianga tangu zamani, iozee hapo bure?"

"Mwalimu amesema unaweza kupona!"

"Mtoto, ni nani aliyeuvua nguo? Leo umekuwa askari wake?"

Mitchel alishikilia magunia ya shina kwa mikono miwili. Walimsogeza kando, si kwa ubaya, wakafungua magunia na kukwangua matope. Walichukua ganda mpaka kwenye matawi. Alikaa chini kwenye samadi iliyomwagika, akawatazama hadi wakamaliza.

Kuka alirudi baada ya wiki kadhaa, amekonda lakini mzima. Aliketi kwenye kiti chake kilekile. Majani yalikuwa yameanza kuwa ya manjano. Mitchel alipiga magoti mbele yake.

"Kuka, nisamehe. Nilitaka upone."

"Najua, mjukuu wangu. Hilo ndilo linaloniuma. Isaiah naye alitaka ndugu yake apone. Wale wa magunia walitaka watoto wao wale. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, na sasa mwiritsa uko wapi?"

Kabla ya kufa, mti ulizaa kuliko ulivyowahi kuzaa. Mwalimu Chebet alisema mti ukikaribia mwisho, mara nyingine hufanya hivyo. Alisema pia kwamba mbegu zake hazikai, zikikauka zimeharibika, zipandwe mara moja. Mitchel na mwalimu waliokota matunda yaliyoiva na kokwa zilizoangushwa na kima, wakazipanda kwenye pakiti tupu za maziwa. Nyingi zilioza. Zilizoota zingeenea kwenye sinia moja.

Isaiah alirudi siku moja akiwa na mfuko mtupu. Ganda alilobeba lilikuwa limekwisha, na ndugu yake alikuwa na hali mbaya. Alitazama juu kwenye matawi makavu.

"Mpeleke hospitali nilikotoka mimi," Kuka alimwambia. "Leo, usingoje. Huu mti hauna kitu tena, kima wenyewe wameuhama."

Isaiah alipoondoka, Mitchel alileta maji na kunyunyizia miche.

"Kuka, hii tutaanza kukata ganda lake lini?"

"Ukishakuwa na watoto wako, labda."

"Na wewe?"

"Mimi sitakuwepo." Kuka aligeuza kiti chake, akaupa mgongo mti mkavu, akaitazama ile miche midogo. "Sikiliza, Mitchel. Kiumbe kikibaki kimoja, si chetu tena, ni cha wale ambao hawajazaliwa. Hao hawawezi kuja hapa kulia mbele yako. Sisi wagonjwa tunaweza, ndiyo maana tunashinda kila siku. Kwa hiyo mtu akija na panga kabla ya wakati, mwambie hapana. Hata akikulilia. Hata kama anayelia ni mimi."

Mitchel aliinamisha kichwa, akachukua ndoo na kwenda kuchota maji mengine.