Kura ya Saa Sita Mchana

Tss.

Tone moja la maji liliangukia jiko la chuma likakauka. Likafuata la pili. Tss.

Ilikuwa jioni ya Novemba, mwaka wa 1912, huku Marekani tulikohamia. Giza lilikuwa limeshaingia, lakini sikuwasha taa. Nilitaka binti yangu Zdenka alale kidogo kabla ya chakula. Viatu na soksi zake zilining'inia kwenye waya juu ya jiko, zikidondosha maji ya Kijito cha Plamu.

Shule yetu iko ng'ambo ya kijito. Mafuriko ya majira ya joto yalikuwa yamelichukua daraja, likaenda na maji kama ganda la yai. Tangu hapo watoto walivuka kwa kurukaruka juu ya mawe. Zdenka alikuwa na miaka sita na miguu mifupi. Kila siku aliteleza kwenye jiwe lile lile. Maji yakijaa hakwenda shule kabisa. Alikuwa ameanza kukohoa, na kitabu chake kilikuwa bado kwenye ukurasa wa tisa.

Jambo hilo liliniuma kuliko kikohozi. Mimi Bozena nilijifunza kusoma Kiingereza katika shule hiyo hiyo, kwenye darasa la jioni, nikiwa na mimba yake. Niliwahi kumsomea herufi akiwa bado tumboni.

Mume wangu Vojtech aliingia akipangusa theluji mabegani. Alikuwa ametoka kupiga kura mjini, na uso wake ulikuwa na furaha. Alisema daraja limepatikana. Alikuwa amempigia kura Bwana Kopecky, muuza mbao, Mcheki mwenzetu, aende kwenye bunge la jimbo. Wilaya haiwezi kujenga daraja kubwa bila kibali cha bunge hilo, na Kopecky alikuwa ameahidi kukileta.

Baba mkwe wangu, mzee Matej, kiongozi wa bendi ya mji, alikuwa akisugua tarumbeta yake karibu na jiko. Hakuinua kichwa. Alisema Kopecky atalitafuta kweli hilo daraja, maana litajengwa kwa mbao zake.

Tulicheka. Usiku huo nilimwambia Zdenka kwamba mwakani atavuka mguu mkavu.

Bunge la jimbo lilikaa kuanzia Januari mpaka Machi. Tulingoja. Hakuna habari iliyokuja. Machi ilipoisha Kopecky alirudi, na nikamwona dukani akipita mlango wa nyuma ili asikutane nasi. Nikajua mambo yameharibika.

Aliyetueleza ni Bwana Teague, mpeleka barua. Majira yale ya baridi alikuwa amemwachia mpwa wake gari la barua, akaenda mji mkuu wa jimbo kuwa bawabu wa bunge. Alisimama mlangoni siku hamsini. Aliyaona yote.

Alikaa jikoni kwangu na kahawa na mkate wa plamu. Vojtech alimwuliza kwa nini mbunge wetu alitudanganya.

"Hakuwadanganya," alisema Teague. "Ninyi mlimtuma kwa daraja. Lakini mlikuwa mmemtuma kwa jambo jingine pia, nanyi hamkujua."

"Jambo gani?" nikauliza.

"Kuchagua seneta."

Akatueleza polepole, kama mtu anayesoma anwani ya barua iliyolowa. Kila jimbo la Marekani hupeleka maseneta wawili Washington. Hao ndio hutunga sheria za nchi nzima pamoja na wawakilishi wengine. Lakini sisi wananchi hatukuwa tunawachagua. Walichaguliwa na wabunge wa jimbo. Kwa hiyo kila tulipompigia kura mbunge wa jimbo kwa ajili ya daraja, shule au dawa ya nguruwe, tulikuwa tunampa mkononi na kura ya seneta.

Na wabunge wakishindwa kukubaliana? Sheria ilikuwa wazi. Mabaraza yote mawili ya jimbo yakae pamoja kila siku saa sita mchana, na yapige kura walau mara moja, mpaka seneta apatikane.

"Basi ndivyo walivyofanya," alisema Teague. "Asubuhi wananong'onezana vyumbani. Saa sita wanapiga kura, hapatikani mtu. Alasiri wanakwenda hotelini, ambako tajiri mmoja anayetafuta kura zao amekodi ghorofa nzima. Huko kuna sigara na bata wa kuoka. Kesho yake saa sita, vilevile."

"Na daraja letu?"

"Muswada wake ulisomwa mara moja, Bi Bozena. Ukawekwa kando juu ya meza. Haukuinuliwa tena."

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Wabunge wetu walishika mawili, na lililoponyoka lilikuwa letu.

Teague akaongeza kwamba siku ya mwisho, usiku wa manane ulipokaribia na muda wa bunge ukiwa unakwisha, karani alipanda ngazi akasimamisha mishale ya saa ukutani, ili siku isiishe. Chini ya saa iliyokufa walimchagua wakili mmoja ambaye hakuna mkulima aliyewahi kumsikia.

"Nani alimshikia ngazi?" aliuliza Vojtech.

Teague aliitazama kahawa yake. "Mimi," alisema.

Mzee Matej hakukubali maneno yale yote. Alikuwa mtu wa kupenda ubishi, na siku hiyo alikuwa na hoja. Alisema seneta ni mjumbe wa jimbo, si mjumbe wa kila mwenye shoka na jembe. Wabunge wanamjua kwa karibu. Wanajua kama ni mlevi, wanajua kama ana deni. Na serikali ya jimbo ikikosa mtu wake Washington, nani ataizuia Washington isilimeze jimbo? Halafu, alisema, wape watu wachague wenyewe, uone. Watamchagua mwenye bendi inayopiga kwa nguvu.

"Na bendi ni yako, baba," nilimwambia.

"Ndiyo maana najua ninachosema, mwanangu."

Teague hakumdharau. Alikubali kwamba zamani, nchi ilipoanza, watu wenye akili waliifikiri hoja ile na kuiandika. Lakini alimwuliza swali moja ambalo sijalisahau. Ukitaka kuwanunua wabunge wa jimbo unahitaji ghorofa moja ya hoteli. Ukitaka kulinunua jimbo zima, utakodi hoteli gani?

Mzee alirudi kusugua tarumbeta yake. Lakini niliona kitambaa mkononi mwake hakisogei.

Kisha Teague alitoa gazeti mkobani. Badiliko la katiba lilikuwa likizunguka majimbo yote. Robo tatu ya majimbo yakikubali, maseneta watachaguliwa na wananchi wenyewe. Yalikuwa yamebaki machache. Nilisoma habari ile kwa sauti, neno kwa neno, na Zdenka akafuata kidole changu. Kabla Mei haijaisha, badiliko lilikuwa sheria.

Nitasema kweli, daraja halikuota siku hiyo. Bunge la jimbo letu hukaa kila baada ya miaka miwili. Zdenka aliendelea kuruka mawe. Mwaka huo alikosa siku arobaini na moja za shule. Nilimfundisha mwenyewe nyumbani, mezani, unga mikononi. Lakini mama hawezi kuwa shule nzima.

Ukafika mwaka wa 1914. Safari hii mimi pia nilikuwa na kura. Jimbo letu lilikuwa limewapa wanawake haki hiyo siku ile ile Vojtech alipompigia kura Kopecky. Wengi wetu tuliogopa karatasi ya kura. Jirani yangu aliniambia kwamba ataweka alama chini ya jogoo, ambaye ndiye alama ya chama cha mumewe, na kurudi kwake kukanda unga. Nilimwomba asubiri. Nilimwambia sasa kuna kazi mbili na watu wawili. Huyu ni wa Washington. Yule ni wa daraja. Jogoo hajui kutofautisha.

Mgombea mmoja wa useneta alikuja mjini kwa treni. Alikodi bendi ya mzee Matej. Walipiga kuanzia stesheni mpaka sokoni, na baba mkwe wangu alivimbisha mashavu mpaka nikaogopa yatapasuka. Watu walishangilia. Vojtech aliniminya kiwiko, akasema mzee ameshanunuliwa.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano shuleni. Kopecky alikuwa akigombea tena bunge la jimbo. Alisimama mbele ya ubao na kuongea juu ya uhuru, bendera, na bei ya ngano. Juu ya daraja hakusema.

Sikuwahi kuuliza swali mbele ya wanaume. Zdenka alikuwa mapajani pangu, na viatu vyake vilikuwa vimelowanisha sketi yangu. Nilisikia ubaridi wake. Nikasimama naye.

"Bwana Kopecky," nikasema, "mwakani saa sita mchana utakuwa unafanya nini?"

Watu walicheka. Waliijua habari ya kura ya saa sita. Kopecky aliiva uso mpaka masikioni. Kisha na yeye akacheka, na hapo nikampenda kidogo.

"Nitakuwa nakula, Bi Bozena," alisema. "Kura ya seneta mmeninyang'anya. Nikishiba nitarudi kwenye daraja, sina kisingizio tena."

"Tutakuuliza tena ukirudi," alisema Vojtech kutoka nyuma. "Na mlango wa nyuma wa duka tutaufunga."

Siku ya kura nilijifunga kichwani kitambaa changu cha harusi. Karatasi ilikuwa ndefu kama taulo. Juu lilikuwapo neno seneta, na majina chini yake. Mbali chini lilikuwapo neno mbunge wa jimbo. Niliyasoma yote, nikitikisa midomo kama nilivyofundishwa darasani. Niliweka alama moja juu, kwa mtu niliyemwona anafaa Washington. Niliweka nyingine chini, kwa daraja. Sikumtazama jogoo.

Njiani kurudi tulimwuliza mzee Matej kama bendi imemchagua mtu wake.

"Nilimpigia tarumbeta," alisema. "Kura sikumpigia."

Na yule mwenye bendi alishindwa. Watu walikuwa wamecheza muziki wake, wakaenda nyumbani wakafikiri.

Seneta tuliyemchagua si malaika. Ameshatuudhi mara mbili, na mzee Matej hutukumbusha kila Jumapili. Lakini akituudhi tunajua nani alimpeleka. Ni sisi. Tunamwandikia barua, Teague anaipeleka, na karani wake anajibu. Miaka sita ikiisha atarudi kutuomba tena, hapa hapa, kwenye shule yetu, na maswali tutakuwa nayo. Yule wakili wa chini ya saa iliyokufa hatukumwandikia hata mara moja. Tungemwambia nini? Hakuwa na haja nasi.

Na bunge la jimbo la mwaka 1915? Lilikaa siku zile zile hamsini. Saa sita mchana wabunge walikula. Muswada wa daraja ulisomwa mara tatu, ukapita wiki ya nne. Kopecky aliuleta mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, mlango wa mbele, akiwa na tope magotini kwa sababu alikuwa ameteleza kwenye jiwe lile lile la Zdenka. Tulimkaushia soksi zake juu ya jiko. Mbao zilikuwa zake, kama mzee alivyotabiri, lakini mhandisi wa wilaya alizikagua moja moja na kumrudishia saba.

Daraja lilifunguliwa Oktoba. Siku ya kwanza mvua ilinyesha tangu alfajiri, na kijito kikavimba na kuwa na rangi ya kahawa. Zdenka alikuwa na miaka tisa sasa. Alikataa nimsindikize. Nilisimama dirishani na kumtazama mpaka kofia yake ikapotea ng'ambo.

Jioni giza lilipoanza kuingia nilisikia hatua zake barazani. Nilikuwa nimeshafunga waya juu ya jiko, kwa mazoea tu. Aliingia, akaketi kwenye kigoda, akavua kiatu kimoja, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye ncha ya kiatu. Akavua na cha pili. Akaviweka sakafuni, kimoja kando ya kingine, akanitazama.

"Mama, viatu vyangu vikavu."