Samaki Wanaoelea

Kiangazi cha mwaka 1948, daraja la magogo lilikatika chini ya kamyo ya Kasimu, kati ya Kabambare na Kasongo, na mapipa ya dawa ya kuoshea dhahabu yakaporomoka mtoni. Mawili yakapasuka. Kasimu alipojikongoja kutoka kwenye usukani, samaki walikuwa wamekwisha kugeuza matumbo juu.

Karani Hippolyte, aliyesafiri naye kuulinda mzigo, alikuwa amevunjika mguu. Kasimu alimvuta hadi kivulini, akaufunga mguu kwa fito na mkanda. Karani akamkumbusha kwamba dereva anayeacha mzigo wa bwana hula kiboko. Kasimu alilijua hilo. Lakini huko mto ulikoteremkia, mwendo wa siku moja na nusu, ndiko alikokuwa mkewe Subira, amekwenda na watoto wao wawili kumuuguza mama yake.

Walikuwa na kibuyu kimoja tu cha maji. Kasimu alikishika, akakitazama, akakirudisha.

"Kaa nacho chote," alisema. "Mimi nina miguu."

Akashika njia ya ukingoni. Ama kweli dunia ina dhihaka: maji tele pembeni yake, naye anakufa kwa kiu! Vijito vyote vilikuwa vimekauka. Alitafuna matungulu, matunda machachu ya porini, mpaka midomo ikapasuka, alfajiri akalamba umande, akaanguka, akainuka. Samaki wafu walikuwa wamempita tangu jana yake, na hilo ndilo lililomsukuma mbele. Watu wa huko wakiona samaki wanaelea, hujua majirani wa juu wametia utupa, majani yanayolevya samaki bila kumdhuru mlaji. Hakuna anayeuliza. Wote hukimbia na vikapu, na Kasimu mwenyewe amewahi kukimbia hivyo.

Adhuhuri aliingia kijijini akitambaa. Moshi wa samaki ulikuwa kila ua. Ulimi ulimjaa kinywani kama gunzi, neno halitoki. Subira akamjia mbio na kata ya maji. Kasimu akaipiga, ikamwagika.

"Mu... to," alikoroma. "Sumu."

Subira hakuelewa. Alimfuta vumbi usoni, akimbembeleza.

"Tulia, baba Mwamvita. Watu wa juu wametia utupa, samaki iko mingi. Mie sijala bado. Watoto wamekula wakashiba, sasa wamelala."

Kasimu akageuka kuutazama mlango. Watoto wale hawakuwahi kulala mchana.