Bibi wa Kukwepa Ushuru

"Mwili hautoki, mama. Bibi ya marehemu ashachukua kibali ya mazishi."

Nilicheka, wapendwa. Nilicheka hapo mochari ya Embu, suti ya mume wangu mkononi!

"Bibi gani? Bibi ni mimi!"

Mhudumu akanigeuzia daftari. Ednah. Sahihi, namba ya simu, kila kitu.



Ednah namjua. Ndiye aliyetuuzia nyumba yetu ya pili, ile ya kupangisha wanafunzi wa chuo Embu mjini. Ya kwanza ndiyo tunaishi, Manyatta. Nthiga wangu presha ilimwangusha Jumatatu, na huku kwetu anayezika ndiye anabaki na mali.

Nilikimbia kwa chifu. Nikamkuta Ednah ameketi, kitambaa cheusi kichwani, analia kunishinda!

"Ednah, unanifanyia nini?"

"Nazika mzee wangu, Mama Mugendi."

"Mzee wako tangu lini?!"

"Tangu elfu mbili na tisa. Chifu, msomee."

Sasa nisikizeni. Mwaka jana tukinunua ile nyumba, wakili alituambia ushuru wa stempu ni asilimia nne ya thamani. Roho iliniuma! Pesa ya mabati mapya iende serikalini hivi hivi? Mtu akanidokezea kwamba mke akimhamishia mumewe nyumba, ushuru huo haulipwi. Ednah hajawahi kuolewa. Nikamshikisha kitu kidogo, akakubali kuwa bibi wa makaratasi.

Nthiga alisita, Mungu amrehemu.

"Joy, hii kitu haitatugeuka?"

"Ni karatasi tu," nilimwambia.

Chifu akavaa miwani, akaisoma. Hati ya kiapo. Ndoa ya kimila, mwaka wa 2009. Mahari: mbuzi saba na debe la asali, yote imepokelewa.

"Chifu, hiyo ni uongo! Ilikuwa ya kukwepa ushuru!"

"Unaniambia wewe na marehemu mliibia serikali?"

Nikaanza kuikunja upya suti ya Nthiga.

"Haya. Wewe ulikuja kwa Nthiga lini?"

"Elfu mbili na kumi na mbili."

"Cheti ya ndoa iko?"

Sina.

"Mahari?"

Mjomba wangu Njiru, niliyekuja naye, akainamisha kichwa. Nthiga hakuwahi kuleta hata mbuzi mmoja. Kila mwaka tulisema Disemba.

Watoto wawili, miaka yote hiyo, na sina hata karatasi!

"Ednah, sema ukweli mbele ya Mungu!"

"Ukweli uko hapo, Mama Mugendi. Umeandikwa vizuri sana."

Chifu akafungua ukurasa wa mwisho.

"Na kuna shahidi hapa..." Akaniangalia juu ya miwani. "Joyline Kendi. Si ni wewe?"

Ni mimi. Nina kiduka cha kuchapa na kutoa kopi hapa Manyatta, na ile hati niliichapa kwa mikono yangu. Wale mbuzi saba niliwaweka mimi, ili ionekane ya kweli. Hata asali nilikumbuka!

Jana nilichapa tena. Programu ya mazishi, maana ile ya kwanza, iliyonitaja mimi peke yangu kama bibi, familia ya Nthiga iliikataa. Bibi wa kwanza: Ednah. Mimi niko chini yake, jina langu limebanwa karibu na la watoto.

Nyumba zote mbili sasa ni za kugombania kortini, na ushahidi ni sahihi yangu.

Rafiki, lipa ushuru wako ulale. Na kabla hujamwandikia mwenzako ndoa ya uongo, andikisha yako ya kweli.

Programu ni kopi mia mbili. Ednah ameomba bei ya familia.