Nilimtetea Mume Aliyelipwa Ili Achukiwe

Nina miaka hamsini na mmoja. Nina shahada mbili, miwani isiyonisaidia kuona, na ndoa moja iliyovunjika mbele ya watu wote wa Mashimoni, huku Kibera... Cheka kwanza, msomaji mwenzangu. Mimi nilishacheka hadi nikalia.

Niliolewa nikiwa na miaka arobaini na sita. Kwetu Kibera, miongoni mwa sisi Wanubi, mwanamke wa umri huo huulizwa habari za wajukuu, si za harusi. Lakini mimi nilikuwa mtu wa vitabu. Nilifundisha vipindi vya hapa na pale chuoni, nikaandika insha zilizosomwa na mhariri na labda mkewe. Nilijiona najua watu. Nilijua nini!

Takeo, mwanamieleka wa Kijapani, nilimkuta Kabiro, kule Kawangware, katika ukumbi wa bati alimokuwa akiwafundisha vijana mieleka ya maonyesho. Nilikwenda kuandika habari zake. Nikarudi na mchumba.

Maisha yake yalinilewesha. Huko Japani alianzia kwenye kambi ambako mgeni huosha migongo ya wakubwa, huwapikia sufuria la mchuzi, na huangushwa kutwa nzima mpaka ajue kuanguka bila kufa. Shingo yake ilivunjika, ikaunga, ikavunjika tena. Na kwa kuwa sura yake haikuwa ya kupendwa, walimpa kazi aliyoifanya hadi uzeeni: kuwa mbaya.

Maana katika mieleka ile mshindi hupangwa kabla. Mmoja huwa mwema, mwenzake huwa mbaya. Kazi ya mbaya ni kuchukiwa, tena achukiwe vizuri, ili wiki ijayo watu warudi kumwona akipigwa. Takeo alimtemea mwenzake mate ya rangi, akamwagia chumvi machoni, akawatukana watazamaji. Na mwalimu wake alimwachia sheria moja: mbaya haachi ubaya wake ulingoni. Mtoto akikuomba picha barabarani, mfukuze. Bibi kizee akikusalimu, geuza uso. Ukionekana mwema sokoni, nani atakuzomea kesho?

Kampuni yao ilipokufa, alikuja Nairobi. Nasi tukapanga nyumba Riruta Satellite.

Jumapili alipigana uwanjani Mashimoni, kwenye ulingo wa mbao na magodoro. Ee Mola, watu walivyomchukia! Maganda ya ndizi yaliruka. “Mjapani, leo utakula vumbi!” “Buda, rudisha hiyo tumbo kwenu!” Naye alichukua maiki na kuwajibu kwa Kiswahili safi, matusi yaliyopangwa yakapangika.

Yale matusi niliyaandika mimi.

Ndiyo, mimi! Nilikaa mezani na chai yangu nikamtungia. Insha zangu hazikuwahi kupigiwa makofi, lakini matusi yangu yalitikisa uwanja mzima. Mwandishi gani angekataa?

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Aliosha vyombo. Alinikanda miguu. Nikiumwa, alinipikia uji akaupepea mpaka upoe. Basi nikajiambia kwamba nina wanaume wawili: yule wa uwanjani wa bandia, na huyu wa jikoni wa kweli. Niliona fahari kuijua siri ambayo umati mzima hauijui.

Kisha akaanza kumpita mama yangu.

Mama anaishi Kibera hadi leo. Asubuhi hukaa mlangoni akiuza gurusa, ile mikate yetu myembamba ya Kinubi. Takeo alipita mbele yake kwenda uwanjani, asimwone! Mama akasema, “Salamu aleikum, mwanangu,” yeye akatazama paa za nyumba. Majirani wakanong'ona. Nikakimbilia kwa mama kumweleza: ni kazi, mama, watazamaji wake ndio hawa hawa, hawezi kuonekana anasalimia wazee.

Mama alipindua gurusa yake bila haraka. “Hata mchinjaji akifika nyumbani, Zaina, huweka kisu chini.”

Nilimwona mama yangu hakusoma.

Baadaye Takeo aliacha kumsalimia hata ndani, milango imefungwa, bila mtazamaji hata mmoja. Nikasema anafanya mazoezi. Akaniita mzigo kwenye maiki, uwanja ukacheka, nami nikacheka nao, nikapunga na mkono. Shangazi zangu waliponiuliza, niliwapa mhadhara juu ya sanaa na barakoa. Shangazi mmoja alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Na wewe unalipwa ngapi kuzomewa?”

Jamani... kuna jambo nililomwambia Takeo peke yake, kitandani. Nilimwambia juu ya mimba zangu za ujanani, nilipokuwa na mchumba mwingine, mimba zilizotoka moja baada ya nyingine, na kwamba mama tu ndiye aliyejua. Alinishika kichwa. Alilia. Naapa alilia!

Jumapili moja uwanja ulikuwa umepoa. Mvua ilitishia, watu wakaanza kuondoka. Takeo akakamata maiki. Nilisubiri maneno yangu. Badala yake akaninyooshea kidole pale nilipokaa na mama na shangazi zangu, akasema, “Mnaona mwanamke wa Kibera? Nilipewa chungu kilichopasuka. Kila mtoto alimkimbia akiwa bado tumboni!”

Sitasahau kelele zile. Hazikuwa zile za kuzomea kwa raha. Wanawake walisimama. Mtu alirusha kiatu. Mama alinishika goti, akalibana. Video ikazunguka kwenye simu kabla sijafika nyumbani.

Na usiku ule aliniambia nini? “Uliona walivyochemka?”

Nilimwomba akamtake mama radhi. Akasema mbaya haombi radhi. Lakini akaniahidi jambo. Kwao, mwanamieleka anapostaafu hupigiwa kengele kumi polepole, watu wote wamesimama kimya. Baada ya kengele hizo ubaya huvuliwa. Maadui hukumbatiana, mbaya huinamia aliowatukana, naye husamehewa. Yeye hakuwahi kupigiwa, kwa sababu kampuni yao ilikufa kabla. “Shingo imekwisha,” akasema. “Nitastaafu hapa. Nikipigiwa kengele, nitamwinamia mama yako.”

Nikaamini. Mwanamke mwenye shahada mbili! Hata nilianza kuandika insha juu ya kengele hizo.

Nilimsihi mama aje. Hakutaka. Nilimwambia, ukininyima heshima hii, mama, umeiua ndoa yangu. Nilimwambia mimi maneno hayo. Akavaa buibui lake la sikukuu, akaja na mkongojo wake.

Takeo alipigana na Oti, kijana fundi wa kuchomelea vyuma. Alikubali kushindwa, kama ilivyo desturi ya anayeondoka. Alianguka, akalala, refa akahesabu. Kisha, badala ya kengele, wakagonga ringi ya gari iliyoning'inizwa kwa mnyororo. Mara kumi. Mashimoni kulinyamaza, na hilo si jambo dogo.

Takeo alilia. Alimkumbatia Oti. Aliwainamia waliokuwa wakimrushia maganda, nao wakapiga makofi, wakaita, “Mzee wetu! Mzee wetu!” Alishuka akishikana mikono na kila mtu, muuza maji, mwenye kibanda cha simu, hata jamaa aliyewahi kumpiga kwa kiatu.

Akafika kwa mama. Mama akanyoosha mkono.

Takeo aliutazama ule mkono. Aliutazama vizuri, nasema. Kisha akapita, akamshika mkono mtu aliyekuwa nyuma ya mama.

Mkono wa mama ukabaki hewani. Na mimi je? Mimi nilikuwa bado natafuta maelezo! Oti, jasho likimtiririka, ndiye aliyeruka kamba, akaushika kwa mikono yake miwili. “Karibu, mathe. Asante kwa kukuja.”

Nilimfuata Takeo chumba cha kubadilishia nguo. Nikamuuliza, sasa kazi imekwisha, ile ilikuwa nini? Alikuwa akifungua bandeji za vidole. Hakukasirika. “Zaina,” akasema, “ulingoni nilikuwa napumzika. Kazi ilikuwa nyumbani.” Kumbe uji ule na machozi yale ndiyo yaliyokuwa maigizo.

Nilihama kesho yake.

Leo Takeo anapendwa Kawangware nzima. Watoto wanapiga naye picha. Watu huniuliza kwa nini nilimwacha mzee mpole kama yule, tena baada ya kustaafu! Siwajibu. Namchukia, na simtafutii chuki yangu jina zuri zaidi.

Mama hajanilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wenzangu mnaosoma, hasa ninyi mliosoma sana, nawasihi. Mtu akikudhalilisha hadharani na kukubembeleza chumbani, usijifanye wakili wake. Usimwambie mzee wako kwamba haelewi. Aliyenyimwa salamu anajua amenyimwa, na hahitaji mhadhara. Mimi niliambiwa mapema, mlangoni, na mwanamke mwenye unga mikononi, nikamhurumia kwa ujinga wake... Ninyi msikilizeni wenu wakati angali anawaambia.