Kuta za Spello

Masika alikutana na Octave kwenye foleni ya teksi, Park Station ya Joburg, saa ile ya jioni watu wanapobanana kama dagaa. Octave alikuwa askari wa geti, mrefu, sare imempauka mabegani. Alisinzia amesimama, kichwa kikamwangukia Masika begani.

"Papa, bega hili si mto."

"Basi niuzie, mama."

Wachovu wakipendana hawana mbwembwe. Octave akawa anamsubiri nje ya saluni yake Joubert Park. Masika, kitenge cha njano, vidole vinanukia mafuta ya nywele, akawa anampikia sombe, majani ya muhogo ya kwao. Wanakula, wanasinzia kabla ugomvi haujaisha. Wapo wenye pete wasiopata hata hayo.

Kisha dada yake Octave akampatia kazi Italia, kumtunza bibi mmoja Spello, kimji cha mawe kilimani.

"Nikitulia nakuita, sheri, mpenzi wangu," alisema Octave akiondoka.

Siku moja picha ikaingia kwenye simu. Octave anatabasamu ndani ya koti la mtumba. Nyuma yake kuta zimebomoka, majani yameota juu ya mawe. Masika akazima simu. Alikimbia kwao Beni kwa vita. Akafungua saluni Durban, nayo wenyeji wasiotaka wageni wakaivunja. Kuta za namna ile anazijua. Akaona mwanamume huyu anamficha vita, tena anacheka! Majuma yakapita hapokei.

Alipopokea, hakusalimia.

"Nani kawabomolea?"

"Hakuna, sheri! Walijenga Warumi. Ni miaka elfu mbili."

"Na hamjatengeneza mpaka leo?"

"Watu wanapanda ndege kuja kuziangalia."

"Eish! Wangenipigia mimi, ningewasimulia bure."

Octave akacheka, kisha akashusha pumzi. "Bibi tumemzika. Mwanawe anataka nibaki, nitunze mizeituni. Utakuja, Masika? Lango la Warumi bado limesimama, akina mama wanapita na kabichi zao."

Masika akajitupa kwenye kiti cha wateja.

"Sina miguu ya kuhama mara ya tatu. Nimechoka, Octave. Rudi tuchoke pamoja, au niache nichoke peke yangu."

Octave akauliza polepole.

"Mjomba wako wa Jeppestown atataka mbuzi wangapi wa mahari?"

"Mbuzi, Joburg? Utawafuga kwenye lifti?"

"Lifti yenu si mbovu? Watalala humohumo."

"Octave! Unarudi?"

"Sanduku nimefunga tangu uliponizimia simu. Niko stesheni."

"Sasa ulinialika huko kwa nini?"

"Nilitaka, ukikataa kuja, nisikie nikiwa njiani tayari kurudi kwako. Endelea kunitukana, sheri, treni haijafika."